Kuiangalia Jurassic Park leo ukiwa Lindi au Mtwara: banda, flashi, simu au diski

Juni 1993, Jurassic Park, filamu ya dinosaria waliofufuliwa kisiwani, ilipoingia kwenye kumbi za Marekani, iliingia na kelele ambazo sinema chache zimewahi kuzipata: matangazo kila kona, fulana, midoli, foleni. Kwa miaka kadhaa iliongoza dunia nzima kwa mapato, mpaka Titanic ikaja kuipita. Kelele hizo zimekwisha zamani. Mtu wa Lindi au Mtwara anayetaka kuiona leo kwa mara ya kwanza, au kuirudia akiwa na wanawe, haharakishwi na mtu, na njia za kuipata anazo nne au tano. Tatizo ni kwamba njia hizo hazilingani hata kidogo. Ipo inayokupa filamu, na ipo inayokupa habari zake tu.

Chanzo kiko kwenye filamu yenyewe. Ina dakika 127, lakini ukijumlisha muda wote ambao dinosaria wanaonekana hupati zaidi ya dakika 15 hivi. Katika hizo, kama 6 ni kazi ya kompyuta; zilizobaki ni madude ya chuma na mpira yaliyoundwa na kundi la Stan Winston. Mwongozaji, Steven Spielberg, amebana makusudi. Anakuonyesha mguu, jicho, kivuli, maji yanayotikisika ndani ya glasi, halafu anakuacha usubiri. Ukiipunguzia mwanga, ukiikata pembeni au ukiifunika kwa makelele, zile dakika 15 zinabaki tano, na utainuka ukiuliza watu walisifia nini.

Huku Kusini tunayo sababu ya ziada ya kutaka kuiona vizuri. Dinosaria wa kwanza kuonekana mzima mle ndani ni Brachiosaurus, yule mwenye shingo. Sura ambayo dunia imezoea kumpa mnyama huyo imetokana kwa sehemu kubwa na mifupa ya Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 kwa nguvu za mamia ya vibarua wa huku, ikabebwa kwa miguu hadi bandarini Lindi. Mjusi wetu, maana ndivyo anavyoitwa hata akitajwa Bungeni, amesimama kwenye makumbusho Berlin akiwa na kimo cha mita 13 na sentimita 27. Wataalamu siku hizi wanamwita Giraffatitan, wamemtenga na mwenzake wa Marekani, ila wa Marekani alipatikana vipande vichache tu, kwa hiyo wachoraji walimfuata wa Tendaguru. Tena T. rex na velociraptor, dinosaria wala nyama wanaopewa nafasi kubwa kwenye hadithi, waliishi baadaye sana, kipindi cha Kretasia. Kwa jina lile la filamu, ambalo ni la kipindi cha Jurasiki kilichotangulia, mwenye haki nalo ni huyu wa Lindi.

Sehemu tatu za kupimia

Usilinganishe njia kwa maneno ya muuzaji. Shika sehemu tatu za filamu, na kila njia uipime hapo.

Ya kwanza iko karibu na dakika ya 20. Magari yanasimama uwandani, mwanamke ameshika jani analishangaa, mwenzake anamgeuza kichwa kwa mkono, na Brachiosaurus anapita mbele yao mchana kweupe. Baadaye mnyama anajiinua kwa miguu ya nyuma, anavuta tawi, kisha anashuka kwa kishindo. (Uzito wake ulilalia mbele, kwa hiyo wataalamu wengi hawakubali kwamba angeweza kusimama vile. Tumwache afurahie.) Sehemu hii inapima umbo la picha. Filamu ilitengenezwa kwa uwiano wa 1.85 kwa 1, ambao ni mrefu kwenda juu kuliko ule wa sinema nyingi kubwa za matukio, na shingo inahitaji nafasi hiyo yote. Picha ikikatwa juu, unabaki na mapaja.

Ya pili ni T. rex kuvunja uzio usiku, mvua ikinyesha. Iko katikati ya filamu, saa ya kwanza inapomalizika. Shambulio lenyewe halina muziki. John Williams, aliyetunga muziki wa filamu nzima, hapo amenyamaza kabisa. Kuna mvua, mbuzi, nyaya zinazokatika, na hatua zinazokuja. Hii inapima giza na sauti nzito kwa pamoja.

Ya tatu ni jikoni, kuelekea mwisho. Watoto wawili wamejificha nyuma ya makabati ya chuma na velociraptor wawili wanawatafuta. Sauti zote ni ndogondogo: kucha sakafuni, pumzi, chombo kikigongwa chini. Hapa unapima kama masikio yako yanapata kitu.

Banda umiza

Banda lina kitu kimoja ambacho sebule yako haina, nacho ni watu. T. rex anapoingiza kichwa kwenye paa la kioo la gari, mayowe ya vijana 40 kwenye mabenchi ni sehemu ya burudani, na filamu hii ilitengenezwa ichekwe na ipigiwe mayowe.

Lina pia mtafsiri. Tangu enzi za kaseti, akina Lufufu wa Dar es Salaam walipoanza kutia Kiswahili juu ya sauti za Wamarekani, muvi zilizotafsiriwa zimekuwa ndiyo njia ya watu wengi kuelewa kinachozungumzwa. Na filamu hii ina maneno mengi. Dakika 20 za mwanzo, ukiondoa tukio fupi la usiku la mnyama ndani ya kizimba, ni mwanasheria, mgodi, mifupa jangwani, na mzee anayebembeleza wataalamu waende kisiwani kwake. Kisha inakuja katuni inayoeleza jinsi damu ya dinosaria ilivyopatikana kwenye tumbo la mbu aliyenaswa ndani ya kaharabu. Asiyefuata Kiingereza hapo anaanza kuchezea simu. Mtafsiri mjanja anamaliza kazi kwa sentensi moja: mbu kamnyonya mnyama, katua kwenye utomvu wa mti, utomvu ukaganda naye ndani. Akiongeza neno sandarusi, wazee wa pwani hii, waliosikia habari za biashara yake tangu kwa babu zao, hawahitaji katuni. Kaharabu na sandarusi ni ndugu, tofauti kubwa ni umri.

Lakini huyo huyo anayekuokoa mwanzoni anakuharibia katikati. Kwenye muvi iliyotafsiriwa, sauti ya filamu inashushwa kila mtafsiri anapofungua mdomo, na watafsiri wengi hawapendi ukimya. T. rex anakaribia, glasi inatikisika, nawe unasikia "oyaa, hapo sasa stelingi anajiuliza, hivi nini kile?" Ile hofu yote iliyotengenezwa kwa kunyamaza imekwenda. Jikoni ni hivyo hivyo. Na huwezi kumzima, maana sauti yake imechanganywa na ya filamu kwenye njia moja. Hata rimoti haisaidii.

Mambo mengine ya banda yanategemea siku na saa. Mchana, mwanga unaopenya kwenye matundu ya bati na pembeni ya pazia unatosha kufuta sehemu yote ya usiku. Nenda onyesho la kuanzia saa mbili usiku. Usiende siku ya mechi kubwa, kwa sababu mpira ukianza filamu inakatwa popote ilipofika na hakuna wa kumlalamikia. Kaa katikati, safu ya tatu au ya nne. Mbele kabisa shingo itauma na pembeni rangi za runinga nyingi za bei ya chini zinafifia. Mvua ikianza kupiga bati, hesabu kwamba sehemu ya jikoni hutaisikia.

Kwa hiyo banda linamfaa anayetaka hadithi na kampani. Asiyejua Kiingereza kabisa aanzie hapa, halafu akipenda airudie nyumbani bila mtafsiri.

Flashi kwenye runinga ya nyumbani

Ikiwekwa vizuri, hii ndiyo njia inayoshinda kwa watu wengi. Ikiwekwa ovyo ni mbaya kuliko banda, na wengi wanaiweka ovyo.

Kwanza jambo la haki. Nakala nyingi zinazoingizwa kwenye flashi madukani hazina kibali cha mwenye kazi, na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 hairuhusu. Aliye na diski halali, au aliyenunua filamu mtandaoni kwa njia inayomruhusu kuihifadhi, yuko salama na kwa kawaida ana picha bora zaidi. Mambo ya kiufundi yanayofuata yanahusu faili lolote la filamu, limetoka wapi halijalishi.

Angalia urefu kabla ya kitu kingine. Likisomeka saa 2 na dakika 7, au pungufu kidogo, ni zima. Likisomeka dakika 122, usidhani limekatwa: limetokana na DVD za mfumo wa PAL, unaoendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo filamu nzima inakimbia kwa asilimia 4. Sauti za waigizaji zinapanda kidogo, wengi hawagundui. Chini ya dakika 120, kuna kitu kimeondolewa.

Kisha ukubwa wa faili. Megabaiti 700 kwa dakika 127 ni kubana kupita kiasi. Mchana wa Brachiosaurus unaweza kuvumilika, lakini mvua ya usiku itageuka vigae vya kijivu vinavyorukaruka, kwa sababu matone elfu yanayosogea ndiyo kitu kigumu kuliko vyote kukibana. Kwa runinga ya inchi 32, tafuta ya 720p (namba hii ni idadi ya mistari ya picha, ikizidi picha ni kali zaidi) yenye kama gigabaiti 1 hadi 1.5. Kwa inchi 43 na kuendelea, 1080p yenye gigabaiti 2 au zaidi. Faili la gigabaiti 10 ni zuri zaidi, ila hapo unakutana na ukuta mwingine: flashi nyingi zinauzwa zikiwa na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Kompyuta itasema faili ni kubwa mno wakati flashi ni tupu. Dawa ni kuifomati upya kwa exFAT au NTFS, ukishahamisha vilivyomo maana vitafutika, lakini runinga za zamani nyingine hazisomi exFAT. Jaribu na faili dogo kwanza.

Picha haionekani lakini sauti ipo? Faili limebanwa kwa H.265, njia mpya ya kubana picha, na runinga yako ni ya zamani. Tafuta la H.264. Picha ipo, sauti hakuna? Mara nyingi sauti ni ya DTS, mfumo mmojawapo wa sauti za sinema, na baadhi ya runinga, hata mpya, haziisomi. Kinachochekesha ni kwamba DTS ilizinduliwa kwenye kumbi za sinema kwa filamu hii hii mwaka 1993: sauti ilikaa kwenye diski pembeni, mkanda wa picha ukabeba alama tu za kuiongoza iende sambamba. Miaka zaidi ya 30 baadaye, filamu iliyoileta DTS inakuwa bubu sebuleni kwa ajili ya DTS. Tafuta faili lenye sauti ya AAC au AC3, au chezea kwenye kompyuta yenye VLC, programu ya bure ya kuchezea video, kisha uunganishe runinga kwa waya wa HDMI.

Ukisikia wanaongea Kihindi au Kirusi, usitupe faili. Huenda lina sauti mbili. Bonyeza sehemu ya kuchagua sauti kwenye rimoti. Ukiona picha mbili zinazofanana zimebanana upande kwa upande, umepewa toleo la 3D la mwaka 2013. Runinga za 3D zimeacha kutengenezwa, na bila hiyo pamoja na miwani yake faili hilo halikufai. Na ukiona mistari mipana myeusi kushoto na kulia, picha imekuwa mraba: hiyo ni nakala ya enzi za kaseti. Iache.

Maandishi ya chini yana mambo yake. Ya Kiingereza ni rahisi kuyapata, na kwa mtu aliyesoma Kiingereza cha shule yanasaidia kuliko anavyofikiri, kwa sababu yule mwanahisabati anayezungumzia nadharia ya vurugu anaongea haraka huku anacheka. Faili la maandishi lazima liwe na jina lile lile la filamu herufi kwa herufi, tofauti iwe mkia tu, .srt badala ya .mp4 au .mkv, na vyote viwe folda moja. Maandishi yakichelewa kwa kiasi kile kile mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC ya kompyuta yasogeze kwa vitufe vya G na H. Yakianza sawa halafu yakazidi kupishana, hadi mwishoni yanatofautiana kwa dakika 5, usihangaike kuyasogeza: umeweka maandishi ya toleo la dakika 127 kwenye filamu ya dakika 122, au kinyume chake.

Flashi feki ziko nyingi sokoni. Imeandikwa 64, ndani ina 8. Inapokea kila kitu bila kulalamika halafu filamu inagoma katikati, mara nyingi pale pale T. rex anapotokea. Kwa hiyo kabla hujaondoka dukani fungua dakika ya 20, ya 65 na ya 120. Ikifunguka ya 120 bila kukwama, umemaliza. Flashi ya kawaida itachukua dakika 4 hadi 7 kupokea gigabaiti 2. Anayekuambia tayari baada ya sekunde kumi amekuwekea kitu kingine, au hajamaliza na anataka kuichomoa.

Sasa runinga. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua aina ya sinema, siyo ile ya duka inayong'arisha kila kitu kuwa bluu. Zima kinacholainisha mwendo, kinachoitwa majina tofauti kwa kila kampuni. Kikiwa kimewashwa, madude ya Winston yanaonekana kama midoli na T. rex anasogea kama yuko kwenye tamthilia ya mchana. Ukubwa wa picha uwe 16 kwa 9, usikuze. Mistari miwili myembamba sana juu na chini ni halali yake. Kwa inchi 32 kaa mita 1.5 hadi 2 kutoka kwenye kioo. Wengi wanakaa mita nne, kiti kimegota ukuta wa nyuma, halafu wanasema picha ni ndogo.

Sauti ndiyo inayoachwa nyuma kuliko vyote. Spika za runinga nyembamba zinatazama chini au nyuma na hazina uwezo wa mlio mzito. Glasi ya maji itatikisika na hutajua kwa nini. Sabufa ya kawaida, ile ya boksi moja na spika mbili, inabadilisha kabisa sehemu hiyo. Iweke sakafuni mbele, usiifiche nyuma ya kochi, na besi ishushe hadi nusu. Besi iliyojaa inameza maneno, na majirani wa nyumba za kupanga hawana kosa. Hodi ikipigwa wakati wa T. rex, pengine ni wao.

Simu na bando

Kwa picha, simu inashindwa na zote. Simu ya inchi 6.5 ikilazwa ina kimo cha kama sentimita 7, na mnyama wa mita 13 anapaswa kukaa humo. Sehemu ya usiku nayo haionekani nje mchana hata ukipandisha mwanga wote.

Ila weka spika za masikioni, hata zile za waya za bei ndogo, ufunge mlango, ucheze jikoni. Hapo simu inaishinda runinga isiyo na sabufa, na inalishinda banda kwa mbali. Kila ukucha unausikia. Mwenye simu tu na asiye na njia nyingine asikate tamaa: usiku, taa imezimwa, simu ikiwa sentimita 25 kutoka usoni, masikio yamezibwa.

Hesabu ya bando ni hii. Kwa kutazama moja kwa moja, ubora wa chini kabisa unakula kama gigabaiti 0.6 kwa filamu nzima. Ubora wa kati, 1.5, HD kamili, 6 hadi 6.5, 4K inafika 15. Kwenye kioo cha simu, ubora wa kati unatosha. Kinachomaliza watu ni programu kujipandisha yenyewe hadi HD. Ingia kwenye mipangilio ya matumizi ya data na uifunge isivuke kiwango ulichochagua. Afadhali zaidi ipakue usiku mtandao ukiwa mwepesi, kisha uitazame bila intaneti, hasa ukiwa pembezoni mwa Liwale au Tandahimba ambako mnara mmoja unahudumia vijiji vingi.

Kabla ya kulipia programu yoyote, tafuta jina la filamu humo kwanza. Netflix ipo Tanzania tangu 2016, lakini filamu zake huingia na kutoka kila mwezi na orodha ya nchi moja si ya nchi nyingine. Usimwamini rafiki aliyeko Ulaya anayesema "mbona ipo?" Na vile vipande vya YouTube vyenye picha iliyogeuzwa kushoto kuwa kulia au sauti iliyopandishwa ni ujanja wa kukwepa wenye hakimiliki, ukizoea hivyo, filamu yenyewe ukija kuiona utadhani ndiyo iliyokosewa.

Kuna wanaonunua waya wa kutoa picha kwenye simu kwenda kwenye runinga. Simu nyingi za bei nafuu hazitoi picha kupitia tundu la chaji, hata waya uwe mzuri vipi. Pima na simu yako hapo hapo dukani.

Diski na king'amuzi

Diski halali ya Blu-ray ndiyo picha bora unayoweza kuipata nyumbani, na 4K yake ipo tangu 2018. Kikwazo ni deki: chache, ghali, na pwani yetu haizihurumii. Chumvi na vumbi vikitua kwenye lenzi, diski nzuri inaanza kugugumia. Jaribu diski ya kusafishia kabla ya kulaumu filamu. Anayeletewa diski kutoka nje akumbuke kanda, yaani namba ya eneo la dunia ambalo diski imefungiwa. DVD za Tanzania ni kanda ya 5, za Uingereza ni ya 2. Deki nyingi za Kichina hazijali, za majina makubwa zinajali.

King'amuzi ni bahati. Chaneli inaweza kuirusha Jumapili mchana, nawe ukaiona imekatwakatwa na matangazo, huku jua liko dirishani. Ni nzuri kwa kuonja tu.

Umeme, saa, na watoto

Kwenye sola, hesabu ni rahisi. Runinga ya inchi 32 inakula kama wati 40 hadi 50, sabufa ndogo wati 20 hadi 30. Kwa saa mbili na robo ni kama wati-saa 135 hadi 180. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 (50Ah) inabeba wati-saa 600, lakini ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 300. Inatosha filamu moja na taa. Ukiongeza friji, haitoshi. Kwenye umeme wa kawaida filamu nzima haifiki hata robo ya yuniti moja. Umeme ukikatika, chomoa runinga ukutani kwanza, maana unaporudi ndipo unapounguza vitu.

Watoto: Marekani iliwekwa daraja la tahadhari kwa walio chini ya miaka 13, na hiyo ni sawa. Anayeliwa chooni anachekesha wakubwa; mkono uliokatika unaodondoka begani kwa mtu kwenye chumba cha mitambo unawakosesha usingizi wadogo. Kwa wa miaka 8 au 9, tazama nao mchana hadi Brachiosaurus, wapoe, kisha mmalizie siku nyingine. Waambie pia kwamba velociraptor wa kweli alikuwa kama bata mzinga, mwenye manyoya. Inapunguza hofu haraka.

Wakitaka kuanza na Jurassic World ya 2015 kwa sababu ni mpya, wakubalie ikiwa nia ni kuona dinosaria wengi na mapigano mengi. Lakini ukianza na hiyo, ya 1993 itaonekana inachelewa, kwa sababu utakuwa umeshaona kila kitu mchana kweupe. Ukianza na ya 1993, ya 2015 haipungukiwi chochote, na vichekesho vyake vingi utavielewa.

Panga kuanza saa mbili na nusu usiku. Utamaliza saa nne na dakika 37, ukihesabu hadi majina ya mwisho. Kuanzia Desemba hadi Aprili, angalia mawingu kwanza. Nyumba ya bati isiyo na dari, mvua ikishuka, hakuna sabufa inayoweza kushindana nayo, na mvua ya kwenye filamu hutaitofautisha na ya juu ya kichwa chako.